Kibubu, vitu vyake au nguvu zake? Njia tatu za kumzoeza mtoto mdogo kutoa

Muulize mtoto wa miaka mitatu kama ni vizuri kugawana na wenzake, atakujibu ndiyo bila kusita. Kisha mpe vibandiko vinne agawane na mwenzake, uone vingapi vitabaki mkononi mwake. Watafiti Craig Smith, Peter Blake na Paul Harris walilipima jambo hili kwa watoto wa miaka 3 hadi 8, wakachapisha walichokiona mwaka 2013. Watoto wa umri wote huo walisema haki ni kugawana sawa kwa sawa. Ilipofika zamu ya kutoa, wadogo walijipendelea, na waliokwisha fika miaka 7 au 8 ndio waliotenda walichokisema. Cha kuchekesha ni kwamba wale wadogo walipoulizwa mapema watafanya nini, walikiri wenyewe kuwa watajipendelea.

Kwa hiyo mzazi anayehubiri ukarimu kutwa kucha anamfundisha mtoto kitu anachokijua tayari. Kinachopungua ni mazoezi, na hapo ndipo wengi hukwama. Waanze na kibubu cha kutoa? Wakae na mtoto wachambue midoli na nguo za kugawa? Au wamzoeze kusaidia watu kwa mikono yake? Nimezilinganisha njia hizo tatu kwa vigezo vilevile. Hakuna inayozishinda nyingine kwa kila mtoto, ingawa mahali pengine nitasema wazi ninakoegemea.

## Vigezo

Umri ndio wa kwanza: je, mtoto anaelewa anachokitoa? Cha pili ni umiliki, yaani kama kinachotoka ni chake kweli au ni cha wazazi kinachopitia mkononi mwake. Kigezo hiki nakipa uzito mkubwa. Mwaka 2012 Lara Aknin, Kiley Hamlin na Elizabeth Dunn walichapisha utafiti waliofanya Kanada kwa watoto ambao hawajatimiza hata miaka miwili. Mtoto alipewa vibiskuti, akaombwa ampe kikaragosi kibiskuti kimoja. Watoto walionekana na furaha zaidi walipokuwa wakitoa kuliko walipokuwa wakipewa, na furaha ilizidi pale kibiskuti kilipotoka kwenye bakuli lao wenyewe kuliko pale walipopewa kingine cha kumpa kikaragosi.

Cha tatu ni hiari. Nadia Chernyak na Tamar Kushnir, mwaka 2013, waliwapa baadhi ya watoto wa umri wa chekechea uchaguzi wa kweli, kubaki na kibandiko au kukitoa kwa kikaragosi chenye huzuni. Wengine hawakupewa uchaguzi, waliambiwa watoe. Kilipoletwa kikaragosi kingine, waliokuwa wamechagua wenyewe ndio waliotoa zaidi. Aliyelazimishwa alitoa mara ile, basi.

Vilivyobaki ni mpokeaji (mtoto anamwona? na heshima yake inalindwa?) na mzigo kwa mzazi, ambao watu huusahau wakati wa kupanga na kuukumbuka wiki ya tatu.

## Njia ya kwanza: kibubu cha kutoa

Umri. Kibubu kinadai mtoto ajue pesa ni nini, na hilo huchelewa. Mwanasaikolojia Jean Piaget alionyesha zamani kwamba mtoto aliye chini ya miaka sita au saba akiona safu ya vitu imetanuliwa huamini vimeongezeka, ingawa hakuna kilichoongezwa. Mwambie mtoto kama huyo achague kati ya sarafu kumi na noti moja, atazoa sarafu. Anaweza kudumbukiza pesa kibubuni kwa furaha kubwa, lakini furaha ile ni ya mlio.

Umiliki. Hapa ndipo kibubu hufaulu au hufeli. Ukimpa mtoto sarafu mlangoni ili aitie kwenye sanduku la mchango, umemfanya tarishi. Pesa ilikaa kwake kwa hatua nne tu. Ikitoka kwenye pesa yake ya matumizi, ile ambayo angenunulia kitu anachokitamani, hapo anatoa. Ndiyo maana wengi wanapenda mtindo wa vibubu vitatu, kimoja cha kutumia, kimoja cha akiba na kimoja cha kutoa: mtoto anaona kwa macho kwamba iliyoingia huku haikuingia kule.

Hiari. Mtindo huohuo una udhaifu wake. Mzazi akishapanga fungu lisilobadilika kila wiki, mtoto huliona kama kodi, na kodi hailipwi kwa moyo. Mimi ningeweka sheria moja: pesa ikiingia, tunakaa na kuigawa. Kiasi gani kiende wapi aseme yeye, hata wiki nyingine akisema kibubu cha kutoa kibaki kitupu. Mzazi asiyeweza kulivumilia hilo abaki na fungu lake, ila amwachie mtoto achague nani apelekewe.

Mpokeaji. Yuko mbali, na mtoto mdogo hana picha yake. Unaweza kupunguza umbali huo kwa kutaja lengo kabla ya sarafu ya kwanza kuingia, kutumia chombo kinachoonyesha kilichomo, na kuhakikisha mtoto yupo siku ya kukifungua na kupeleka. Kwa upande wa heshima, kibubu kinazipita njia zote mbili zinazofuata. Mwenye shida ananunua anachokihitaji, na hakuna anayesimama kumkodolea macho.

Mzigo kwa mzazi. Mdogo, lakini hauishi. Na kuna mtego: siku chenji imekosekana, mzazi anakopa kutoka kibubu cha kutoa, anasahau kurudisha. Mtoto hasahau.

Inamfaa nani. Mtoto wa kuanzia miaka sita hivi, anayepokea pesa yake mara kwa mara, anayependa kuhesabu. Humfaa pia mzazi asiye na muda wa mizunguko.

## Njia ya pili: kutoa vitu vyake

Umri. Mtoto wa miaka mitatu anaelewa mdoli kuliko noti. Lakini huo ndio umri aliogundua neno "changu" na analitumia asubuhi hadi jioni, kwa hiyo unaingia kwenye uwanja wake wa vita.

Umiliki. Ni wake bila shaka, na utajua kwa kukaa naye sakafuni. Msikilize mama na binti yake wa miaka mitano wakichambua boksi. Binti ameleta gari lenye magurudumu matatu.

"Hili, Mama. Tumpelekee."

"Mwenzako atachezaje nalo, mwanangu?"

"Atalisukuma upande huu."

"Wewe unalisukuma hivyo?"

"Hapana. Limeharibika."

Mama hasemi kitu. Binti anaangalia gurudumu linalokosekana, analiweka gari pembeni, anarudi na boksi la kalamu za rangi ambalo limetumika nusu. Zile anazipenda. Kisha anamkumbatia dubu wake wa kitambaa: "Huyu hapana."

"Sawa. Huyo hapana."

Mazungumzo haya mafupi yana karibu yote ninayotaka kusema kuhusu njia hii. Mama hakumwaibisha mtoto kwa kuleta gari bovu, alimuuliza swali. Akapokea "hapana" bila kununa. Angeng'ang'ania dubu, mara nyingine binti angeficha vitu kabla boksi halijafunguliwa.

Hiari. Kosa linalofanywa sana ni kutoa vitu vya mtoto akiwa shuleni au amelala, kwa hoja kwamba hata havitumii. Atakapouliza kiko wapi na kuambiwa "tumempa mtoto asiye nacho", atajifunza kwamba mwenye nguvu humnyang'anya asiye nazo kisha akaita wema. Kama ni lazima upunguze vitu nyumbani, fanya usafi na uuite usafi.

Mpokeaji. Njia hii ndiyo inayohatarisha zaidi heshima ya mtu. Kutoa na kutupa hutumia boksi moja. Kipimo changu ni hiki: ungempa mtoto wa rafiki yako kitu hicho bila kuona haya? Kama ungeona haya, hakistahili kumfikia mtu usiyemjua pia. Piga simu kwanza uulize wanahitaji nini, maana vitu visivyofaa huwaongezea wapokeaji kazi ya kuchambua na kutupa. Usimpige picha mtoto anayepokea. Siku moja atakua na kuiona.

Halafu kuna masimango. Mtoto aliyempa jirani baiskeli yake anaweza kusema mbele ya wenzake, wiki mbili baadaye, "ile ilikuwa yangu, mimi ndiye niliyempa". Hana ubaya, anasema ukweli wake. Mwenzake lakini ameshainamisha kichwa. Ongea naye kabla ya kutoa: kikishatoka, hakina tena jina letu. Watoto wenye tabia ya kukumbusha fadhila ni afadhali waanze na mpokeaji asiye wa mtaa mmoja nao.

Umbali nao una ugumu wake. Ernst Fehr na wenzake, katika utafiti wao wa Uswisi uliochapishwa mwaka 2008, waliona kwamba watoto wengi wa miaka 3 na 4 walijijali wenyewe, na waliofika miaka 7 na 8 wengi walichagua mgawo wa sawa kwa sawa. Usawa huo ulikuwa na nguvu zaidi pale mwenzao alipotoka kwenye kundi lao, yaani chekechea au shule yao. Kwa hiyo usishangae mtoto wako akimpa rafiki yake kwa moyo mweupe na kusita kwa mtu asiyemfahamu.

Mzigo kwa mzazi. Nusu siku na sebule iliyopinduliwa, pamoja na safari ya kupeleka. Boksi likikaa mlangoni mwezi mzima, vitu huanza kurudi chumbani kimoja kimoja.

Inamfaa nani. Mtoto wa miaka minne na kuendelea mwenye vitu vingi, na mzazi mvumilivu anayeweza kusikia "hapana" ya mtoto akaiacha ipite. Haimfai mtoto aliyepoteza kitu au mtu hivi karibuni, kwa mfano aliyehama nyumba au kufiwa. Mwache kwanza ashike alivyonavyo.

## Njia ya tatu: kutoa nguvu na muda

Umri. Hakuna inayoanza mapema kama hii. Felix Warneken na Michael Tomasello, mwaka 2006, waliwaonyesha watoto wa miezi 18 mtu mzima aliyeangusha kibanio cha nguo asiweze kukifikia, na mwingine aliyetaka kufungua kabati huku mikono imejaa. Watoto wengi walisaidia, bila kuombwa wala kuahidiwa chochote.

Umiliki. Nguvu ni zake. Hapa hakuna cha kubishana.

Hiari. Hamu ya kusaidia ipo tayari, na mzazi anaweza kuiua kwa nia njema. Mwaka 2008 watafiti haohao walirudi na watoto wa miezi 20. Wengine walipewa zawadi kila waliposaidia, wengine walishukuriwa kwa maneno, wengine hawakuambiwa kitu. Zawadi zilipokoma, waliozoea zawadi ndio waliopunguza kusaidia. Kwa hiyo mtoto akimbebea jirani mzee mfuko wake, usimlipe ukifika nyumbani. Kazi za kulipwa nyumbani mnaweza kuwa nazo, ila msizichanganye na hizi.

Mpokeaji. Anaonekana uso kwa uso, na hii ndiyo nguvu kubwa ya njia hii. Mtoto anaona bega la mtu likishuka akitua mzigo. Hata hivyo si kila mtu anataka kusaidiwa na mtoto. Mgonjwa anaweza kuhitaji utulivu kuliko mgeni wa miaka minne. Muulize mhusika kwanza, na mtoto asikie ukiuliza. Vituo na mashirika mengi hayapokei watoto wadogo kama wajitolea, hivyo kwa umri huu huduma huwa kwa ndugu, majirani na wanafunzi wenzake.

Hapo pana upungufu pia. Mtoto anayesaidia wanaomzunguka tu anaweza kukua akidhani shida ya watu asiowaona haimhusu. Kibubu hulijibu hilo vizuri zaidi.

Mzigo kwa mzazi. Mkubwa kuliko zote. Mtoto wa miaka mitatu akifuta meza anaacha maji mengi kuliko aliyoyakuta. Ukiirudia kazi yake mbele ya macho yake, umemwambia msaada wake si kitu. Subiri alale.

Inamfaa nani. Watoto wa miaka miwili hadi mitano, watoto wasiotulia, na familia ambayo pesa ni ya kubana. Haimfai mzazi ambaye lazima kila kitu kiwe kimenyooka.

## Yanayohusu njia zote tatu

Mtoto anakutazama. Katika utafiti wa J. Philippe Rushton wa mwaka 1975, watoto wa miaka 7 hadi 11 walimwona mtu mzima akishinda tuzo kwenye mchezo, kisha akitoa au akizibakiza, huku akisema maneno yanayolingana na kitendo chake au yanayokipinga. Walifuata alichokifanya kuliko alichokisema, na mfano wake ulionekana kwao hata miezi miwili baadaye.

Siku hizi lakini wazazi wengi hutoa kwa kidole gumba kwenye simu. Umechangia matibabu ya mtu, umerudisha simu mfukoni, na mtoto aliyekaa pembeni yako anaamini ulikuwa unaangalia video. Sema kwa sauti: nimemtumia fulani mchango kwa sababu hii. Si kujionyesha, kwa sababu asiyeona wala kusikia hana cha kuiga. Mark Ottoni-Wilhelm na wenzake wa Chuo Kikuu cha Indiana, nchini Marekani, walipofuatilia watoto wakubwa na vijana, waliona kwamba mazungumzo ya wazazi kuhusu kutoa yanahusiana na watoto wenyewe kutoa, mbali na mfano wanaouona.

Kama unatumia vitabu vya hadithi, jambo dogo la kujua: Nicole Larsen, Kang Lee na Patricia Ganea waliwasomea watoto wa miaka 4 hadi 6 huko Toronto hadithi ya kugawana. Waliosomewa hadithi yenye wahusika watu waligawa vibandiko zaidi baadaye. Waliosomewa hadithi ileile yenye wanyama waliovalishwa nguo hawakuongeza.

## Uanzie wapi

Mtoto chini ya miaka minne, anza na nguvu zake. Pesa haijui na vitu vyake bado anavipigania, lakini tayari anapenda kubeba, kuokota na kufungua mlango.

Kama una mtoto mwenye mkono wa birika, usianze na njia ya vitu hata kama ana boksi tatu za kuchezea, maana utatoka na kilio na kitu kilichotolewa kwa shingo upande. Mpe kwanza kazi ya kumfurahisha mtu, au mwache atengeneze kitu cha kutoa, kama mchoro wa kumpelekea mgonjwa. Kitu alichokitengeneza ili kitoke hakimuumi kama kile alichokizoea.

Yupo wa upande wa pili, ambaye watu humsifu bila kumwangalia vizuri: mtoto anayegawa kila kitu ili wenzake wampende, akarudi nyumbani bila kalamu wala chakula chake. Huyu kibubu kinamsaidia. Fungu la kutoa lipo, fungu lake lipo, na lake halina haja ya kuombewa radhi.

Nyumba yenye vitu tele na muda kidogo, changanya: kibubu kwa mwaka mzima, na vitu mara moja au mbili kwa mwaka, kwa tarehe anayoijua mapema. Msiiache iangukie siku ya kufanya usafi, atadhani wahitaji ni mahali pa kupeleka takataka.

Familia inayopokea msaada yenyewe isijitoe kwenye mazoezi haya. Mtoto anayepokea tu, mwaka baada ya mwaka, anaweza kujiona ni mtu wa kupewa. Nguvu na muda havihitaji akiba, na mtoto anayemsomea mdogo wa jirani anatoa sawa na mwenye kibubu kilichojaa.

Watoto wawili wenye umri tofauti wasipewe kibubu kimoja. Mkubwa atatia kiasi, mdogo atatia sarafu mbili, na siku ya kuhesabu mmoja atachekwa. Kila mmoja awe na chake na kisifunguliwe mbele ya mwenzake. Kazi za mikono wafanye pamoja: mkubwa abebe ndoo, mdogo abebe kata.